Yangeyange wa Picha ya Saba

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi wakipata kitabu cha kale cha ndege ni kukisafisha. Wanaona vumbi, wanachukua kitambaa chenye maji. Wanaona doa, wanachukua kifutio. Na kwa nusu saa wanakimaliza kitabu ambacho mende na mvua vilishindwa kukimaliza kwa miaka mia na arobaini. Wewe ni mtu wa udobi, ndiyo maana nimeanza na hili kabla hata ya salamu. Mikono yako imezoea kuona doa na kulivamia. Safari hii, tafadhali, ifunge mikono hiyo.

Marahaba kwa shikamoo yako. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanapiga kelele kuliko ngazi ninayoipanda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikujua kama mama yako bado anacho kile kitabu. Kumbe miaka hamsini na sita kimelala chini ya kitanda chake, kimeviringishwa kwenye shuka! Niambie, shuka ni ya pamba? Kama ni ya pamba, si mbaya.

Sasa nikueleze una nini mkononi. Kitabu hicho ni juzuu mbili. Hiyo mliyo nayo ni ya kwanza, ya ndege wa majini, picha arobaini. Ya pili, ya ndege wa nchi kavu, ninayo hapa, rafu ya tatu, nyuma ya kioo. Picha zake hazikuchapwa na rangi. Ilichapwa mistari myeusi peke yake, kisha watu wakaketi kuizunguka meza ndefu, kila mmoja na kikombe chake cha rangi: huyu anapaka bluu ya bawa, anamsogezea jirani yake apake wekundu wa mdomo, na jirani anamsogezea wa tatu. Kwa hiyo hakuna nakala mbili zinazofanana kabisa. Marehemu babu yako alizinunua zote mbili siku moja kutoka kwa mjane wa daktari, akiwa kijana ambaye hata kabati la kuziwekea hakuwa nalo. Yote niliyofanya maishani, kazi yangu ya kutia vitabu majalada na makabati sita yaliyonijazia nyumba, yalianzia kwenye juzuu hizo mbili. Hazijakaa rafu moja tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

Fanya hivi. Nawa mikono, ikauke kabisa. Kilaze kitabu juu ya mito miwili ili mgongo wake usivunjike. Kila picha ina karatasi nyembamba ya kuifunika. Iinue kama unavyoinua shuka juu ya mtoto aliyelala. Usikiweke juani. Usikifunge kwa raba, wala usikiweke karibu na mpira wa aina yoyote. Na usiandike chochote ndani yake. Mkusanyaji akilazimika kuandika, huandika kwa penseli, tena ukurasa wa nyuma, tena kidogo. Wino ni jinai. Kisha niandikie kila picha ikoje.

Kuhusu mama yako: nimehuzunika sana kusikia macho yanafifia, na kwamba daktari amesema ikifika Julai huenda asiweze tena kusoma. Presha ya macho ni mwizi anayeingia bila kuvunja mlango. Na hilo analotaka nimjibu kwa mwandiko wangu, akiwa bado anaweza kuusoma mwenyewe, kama hadi leo nasema nilimwona akiichafua picha ya saba: mpwa wangu, yale yalikuwa mambo ya utotoni. Tutayazungumza. Kwanza tukiokoe kitabu.

Nisalimie Masizi wangu. Mwambie kaka yake anamkumbuka.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nakuomba usimwite mama kwa jina hilo. Najua huko kwenu lilikuwa la utani. Hapa kwetu hakuna anayelijua, na mimi nimelijua juzi tu, nilipokuwa namsomea barua yako kwa sauti. Nilipofika hapo akasema, "Hebu ngoja kidogo, mwanangu," akanyanyuka, akaenda kunawa mikono. Mama hunawa mikono kabla ya kushika hata gazeti la kufungia vitumbua. Tangu nikiwa mdogo nilidhani ni mazoea ya kazi.

Nimefanya ulivyoagiza. Mito miwili, mikono mikavu. Na ndiyo, shuka ni ya pamba. Picha zipo zote arobaini. Mdiria mzima. Mwari mzima. Heroe ana uwaridi utadhani kapakwa jana. Picha ya saba ni yangeyange, ndege ambaye kwa kawaida ni mweupe pe, naye ni mweusi. Shingo, kifua, mgongo, vyote vina rangi ya sufuria iliyosahauliwa motoni. Amesimama kwenye maji ya bluu na mdomo wake wa manjano, kama mtu aliyetoka msibani akapitia ufukweni. Nilicheka, nisamehe. Mama hakucheka.

Akanihadithia. Unaijua hadithi, ila nataka uone imefika huku ikiwa na sura gani. Kwamba Jumapili moja babu alifungua kitabu amwonyeshe mgeni, akamkuta yangeyange ameharibika. Akauliza nani kakishika. Wewe ukasema, "Nilimwona, alitoka jikoni na mikono yenye masizi." Kwamba babu hakumpiga, na heri angempiga. Alisema asiyejua kushika kitabu hana haja ya vitabu, akamtoa shule akiwa darasa la tano, akampeleka kwa shangazi yenu akasaidie kufua nguo. Kitabu akamtupia: "Chukua, umeshakinunua kwa mikono yako." Mama alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Nikamuuliza, "Mama, ulikishika?"

"Nilisema sikukishika."

"Najua ulisema. Ulikishika?"

Aliikunja ile shuka, akaikunjua tena. Kisha akasema, "Mtu akiambiwa jambo miaka hamsini na sita, mwishowe anaanza kujiona akilifanya. Kuna siku nauona kabisa mkono wangu juu ya ile picha. Ndiyo maana namuuliza kaka. Yeye alikuwepo. Mimi sijui tena."

Hilo ndilo swali lake, Mjomba. Hatafuti ugomvi. Anataka kujua alifanya au hakufanya, na jibu alione kwa macho yake kabla hayajazima.

Na mimi nina langu. Nimefua nguo za watu miaka ishirini na miwili; madoa nayajua kuliko ninavyowajua wanangu. Masizi hayana adabu. Yakigusa kitu yanasambaa, yanaacha alama ya kidole, yanaburuzika. Weusi huu umekaa ndani ya mistari. Umefuata kila unyoya hadi nchani, ukaishia hapo. Maji ya bluu yaliyo pembeni ni safi kabisa. Hakuna mkono mchafu duniani unaochafua kwa nidhamu hiyo. Wewe ndiye mtaalamu. Nieleze.

Mpwa wako

*

Tarehe 24 Machi

Mpwa wangu,

Una jicho zuri. Ungekuwa mkusanyaji hodari. Habari ya heroe imenifurahisha hadi nikashindwa kumaliza chai, maana uwaridi ule hupauka haraka kuliko rangi zote, na ukiwa bado mbichi ni dalili kwamba kitabu kimekaa gizani. Kwa hiyo ile shuka ya mama yako imefanya kazi ambayo makabati ya wakubwa wengi yameshindwa. Naomba utazame pembeni mwa kila picha, chini kabisa kuliani: kuna vitone vidogo vya rangi? Hapo ndipo wapakaji walipojaribia brashi zao. Mimi huviona vitone hivyo kuwa vitamu kuliko ndege wenyewe.

Kuhusu yangeyange, rangi za zamani ni somo refu, nazo zina tabia zake. Fundi wa kweli hatoi hukumu juu ya picha ambayo hajaiona. Kwa hiyo nina ombi. Kifunge kitabu kwenye shuka yake, kiweke katikati ya maboksi mawili, unitumie. Hapa nina meza, nina mwanga, nina vifaa. Mwenzake anamsubiri.

Nikuambie jambo, nawe usilichukulie vibaya. Kwenye ukurasa wa kwanza wa juzuu ya pili, babu yako aliandika kwa wino, kinyume cha kanuni zote: "Juzuu ya kwanza imeharibiwa na binti yangu kwa mikono michafu." Kila mgeni ninayemwonyesha kitabu hukutana na maneno hayo kwanza, nami huona aibu kwa niaba yenu. Juzuu mbili zikikaa pamoja, zimetengenezwa vizuri, maneno hayo yatapoteza uzito. Huoni kwamba hiyo nayo ni heshima kwa mama yako?

Mwambie yaliyopita si ndwele. Wazee wawili, mmoja hana magoti na mwingine hana macho, wanagombea nini? Kumbukumbu ya kijana wa miaka kumi na minne ni kama ile karatasi nyembamba juu ya picha: unaona kuna kitu upande wa pili, lakini huwezi kuapa ni kitu gani. Nilisema nilichosema. Zaidi ya hapo sikumbuki.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Kitabu hakiji.

Badala ya kukufungia maboksi, nilikipeleka kwa mtunza maktaba wa chuo cha hapa, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine aliousahau kichwani. Alikilaza juu ya mito kama ulivyonifundisha, akafika picha ya saba, akatabasamu.

"Yangeyange huyu kaumwa," akasema.

"Amechafuliwa," nikamwambia.

"Nani kakwambia kachafuliwa?"

"Ukoo mzima."

"Basi ukoo mzima hausomi."

Akaingia chumba cha nyuma. Nilimsikia akivuta droo na kuzungumza nazo. Akarudi na jarida la wakusanyaji vitabu, la miaka ishirini na tisa iliyopita, akanifungulia katikati. Kurasa nne, na mchoro. Zinaanza hivi: "Kosa wanalofanya watu wengi wakiona ndege mweupe amegeuka mweusi ni kutafuta mtu wa kumlaumu."

Nikasimama hapo. Nilidhani sauti hiyo nimeisikia mahali.

Nimenakili sehemu, usije ukasema hukumbuki zaidi: "Weupe wa zamani ulitengenezwa kwa madini ya risasi. Ukikutana na salfa iliyo hewani hugeuka mweusi taratibu, bila kuguswa na mkono wa mtu. Weusi huo hutambulika kwa urahisi: hukaa pale tu palipopakwa nyeupe, na haupiti mstari. Moshi wa mpira unaochomwa ni adui mkubwa. Namjua mkusanyaji mmoja aliyeweka vitabu vyake juu ya karakana ya matairi, akampoteza yangeyange mzuri sana."

Mwishoni pana jina lako lote, na kazi yako.

Mkusanyaji mmoja! Babu alikuwa fundi matairi, Mjomba. Mama ndiye mtoto wa huyo mkusanyaji mmoja. Na kwenye barua yako ya kwanza uliniandikia, "wala usikiweke karibu na mpira wa aina yoyote," nami nikaamini ni ushauri wa fundi. Ulijua hata ulipokuwa unaandika.

Nilikuwa najiuliza mtu anayependa kueleza namna hii, anayenieleza mpaka shuka, inakuwaje swali moja tu linamshinda. Umewaeleza watu usiowajua, kurasa nne, tena na mchoro. Dada yako alikuwa anahitaji mstari mmoja.

Sijamwambia mama. Usidhani nakuhurumia. Ameomba mwandiko wako, hakuomba wa jarida. Nikimwambia mimi atasema, "Huyo ni mtu wa maktaba, hakuwepo. Kaka alikuwepo." Leo asubuhi amevaa blauzi nyuma mbele, mishono iko nje, na hakuiona. Mama yangu, aliyekuwa akiona uzi uliochomoka kwenye shati la mteja aliye ng'ambo ya barabara.

Andika.

Mpwa wako

*

Tarehe 28 Aprili

Mjomba,

Siku kumi na tisa. Nimempigia simu jirani yako. Anasema u mzima, unamwagilia maua.

Mama ameacha kuuliza. Jana kwenye kliniki ya macho walimwonyesha ubao wa herufi, akasoma mstari wa juu tu, na nadhani hata huo aliubahatisha. Ukiandika, andika kwa herufi kubwa.

Mpwa wako

*

Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Sikukuona.

Nimetanguliza neno hilo kwa sababu nimechana barua nane zilizoanza na maelezo. Naandika kwa kalamu nene, ile ninayoandikia migongo ya vitabu, ili uweze kusoma. Sasa maelezo yanafuata; unanijua, bila maelezo siwezi hata kuomba maji ya kunywa.

Hukuishika ile picha. Hakuna mkono uliomchafua yangeyange. Unakumbuka chumba cha vitabu kilikuwa juu ya karakana, na baba alikuwa chini akichoma viraka vya matairi kutwa. Unakumbuka na ile harufu, ya mayai yaliyooza, tulivyokuwa tukizibana pua na kusingiziana. Ile ilikuwa salfa. Ilipanda kwenye nyufa za mbao, siku baada ya siku, na kabati la vitabu lilikuwa juu ya jiko lenyewe la viraka. Nyeupe yote iliyokuwa kwenye picha ya saba ikageuka. Rangi nyingine haziumwi ugonjwa huo, ndiyo maana zilibaki; na ndege wengine weupe hawakupakwa nyeupe, weupe wao ni wa karatasi tupu. Kilichomharibu yangeyange ni kazi ya baba, kazi ileile iliyotulisha na iliyonunua kitabu.

Utauliza kwa nini nilisema. Kila alasiri baba akisinzia nilikuwa natoa ufunguo kwenye koti lake, nafungua kabati, nanakili ndege kwenye daftari langu. Picha ya saba niliipenda kuliko zote. Baba alipouliza nani kakishika, niliamini ni mimi. Nilikuwa nimekishika wiki nzima. Nikatazama nani mwingine yumo chumbani. Wewe ulikuwa mlangoni na kikombe cha mgeni, na kweli ulikuwa na masizi kwenye kidole. Kidole kimoja. Mara ya kwanza nilisema kabla sijafikiri. Lakini baba aliniuliza tena, "Una hakika?", na kufikia hapo nilikuwa nimeshafikiri.

Miaka ishirini na mitano niliishi nikijua kwamba nimeharibu kitabu, nikakubebesha wewe. Kisha siku moja, katika kitabu cha mafundi wa rangi, nikasoma habari ya risasi na salfa. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilifurahi. Nilicheka peke yangu katikati ya gundi na ngozi, nikasema kwa sauti, "Kumbe sikuwa mimi!" Ilipita wiki nzima kabla sijakumbuka kwamba hukuwa wewe pia.

Baba alikuwa hai bado. Aliishi miaka minne zaidi. Kumweleza habari ya salfa kungenilazimu nimweleze na uongo wangu, naye alikwisha kuniandikia nyumba na vitabu, akiniita mtoto pekee anayejua kushika kitabu. Nikaona nitasema akishazikwa. Alipozikwa nikaona umeshazoea. Katikati ya hayo niliandika makala kuhusu salfa katika jarida la wakusanyaji vitabu, na usiku ule nililala vizuri, kana kwamba kuwaeleza watu wote ni sawa na kukueleza wewe.

Naomba unisamehe. Sijui sentensi hiyo inaandikwaje na mtu aliyechelewa kiasi hiki, kwa hiyo nimeiandika ilivyo.

Kuna kitu kimoja ninachokijua kukifanya. Ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ikipakwa kwa brashi ndogo, unyoya mmoja mmoja, huugeuza weusi ule kuwa mweupe tena. Nimewatibu ndege wa watu wengi. Niruhusu nije, magoti yatake yasitake. Nitamrudishia weupe wake mbele yako, umwone kabla macho hayajazima.

Kaka yako

*

Tarehe 19 Mei

Kaka,

Naandika mwenyewe. Mistari ikipanda na kushuka kama kamba ya kuanikia nguo, ivumilie. Binti yangu amekaa pembeni anahema, anatamani kuninyang'anya kalamu. Nimemwambia aende akapige pasi.

Barua yako nimeisoma kwa lenzi, siku mbili. Alitaka kunisomea nikakataa. Lile neno la kwanza nimelisoma kuliko mengine yote. Nililisoma, nikalala, nikaamka, nikaenda kutazama kama bado lipo. Lilikuwepo.

Nikuambie nililokuwa nikifanya. Kila mwaka mara moja, watu wakiwa wametoka, nilikuwa natoa kile kitabu, naweka kidole juu ya yangeyange, natazama kama weusi unalingana na kidole changu. Kidole cha mtoto kimekua, kikawa cha mama, kikawa cha bibi, bado napima. Miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo, wewe ulikuwa unajua. Ungeniandikia, ningeacha kupima.

Umesema ulifurahi. Nakuamini, na kati ya yote uliyoandika hilo ndilo lililonifikia, maana hapo tu hukujipamba. Mimi nilipojua sikufurahi. Nilikaa kitandani nikahesabu madarasa. La sita, la saba, na yaliyofuata. Unakumbuka nilivyokuwa napanga viatu vya baba mstari, naviita wanafunzi wangu, na kile cha kushoto chenye tundu nakisimamisha kwa uchelewaji? Nilikuwa nataka kuwa mwalimu. Badala yake aliyeitwa mikono michafu amesafisha nguo za watu miaka hamsini, na watu hao wote wamemwita dobi hodari.

Sisemi nimekusamehe. Sijafika huko, na njia ni ndefu kwa mtu asiyeona vizuri. Wala usije. Ukija utaanza kueleza.

Yangeyange muache mweusi. Umezoea kurudisha weupe wa ndege wa watu, lakini huyu hana kosa la kusafishwa. Juzuu ya kwanza itabaki kwenye shuka yake, na baada yangu ni ya binti yangu. Atakayeifungua atauliza, "Mbona huyu ni mweusi?" naye atajibiwa. Ukimfanya mweupe, nani atauliza?

Lakini ile ya pili iko kwako, nyuma ya kioo. Binti yangu alinisomea uliyoandika mwezi wa tatu, maneno ya baba kwenye ukurasa wa kwanza, na wageni wanavyoyasoma, na aibu unayoiona kwa niaba yetu. Kanuni zako nimezishika: penseli, nyuma, kidogo. Baba hakuzifuata, nawe usizifuate. Leo, barua hii ikiwa bado mezani, chukua ile kalamu nene, fungua ukurasa ule, na chini ya maneno ya baba andika kwa wino "Sikumwona", kisha weka jina lako.

Dada yako